Kukesha Kitini Hadi Kigoma

Abiria wa treni ya kawaida ya Kigoma hutengana mapema, palepale kwenye dirisha la tiketi. Mwenye uwezo hukata daraja la kulala, akapata kitanda na mlango wa kufunga kwa ndani. Wengine, nao ndio wengi, hukata daraja la tatu: namba ya behewa, namba ya kiti, na mikesha miwili ya kukaa wima. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250 za reli ya zamani, ile nyembamba yenye upana wa mita moja, na mambo yakienda sawa treni huzimaliza kwa saa zinazokaribia 40. Yasipokwenda sawa, abiria huacha kutazama saa na kuanza kutazama akiba ya chakula.

Ndani ya behewa la daraja la tatu viti hutazamana. Upande mmoja wa njia ya katikati hukaa watatu, upande wa pili wawili, magoti ya wa huku yakigusana na magoti ya wa kule. Kichanja cha juu hujaa mabegi kabla treni haijaondoka. Chini ya viti huingia viroba, madumu na ndoo zenye mifuniko; kinachobaki huwekwa njiani na mwenyewe hukikalia. Treni ikifika Pugu, watu wa kiti kimoja wameshaamkiana, wameshaulizana wanakokwenda, na kila mmoja anajua ni nani atakayeshuka Itigi na kuacha nafasi ya kunyoosha miguu usiku wa pili. Habari hiyo ina thamani. Kuna watu huanza kumfanyia ukarimu abiria wa Itigi tangu Ruvu.

Giza likiingia, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hakuna aliyeifundishwa shuleni. Watu hulala kwa zamu. Mmoja akisinzia, jirani hubaki macho kwa ajili ya mizigo ya wote wawili. "Kaka, niangalizie huo mfuko mwekundu, nifumbe macho kidogo," husema dada mmoja kumwambia mtu ambaye saa tano kabla hakuwa anamjua, na kaka huyo huuangalia kama wake. Kiti cha dirishani, ambacho ndicho pekee chenye mahali pa kuegemeza kichwa, hupokezanwa, ingawa tiketi ina namba ya mtu mmoja. Treni ikikaribia stesheni madirisha hufungwa, hata kama kuna joto, kwa sababu mkono wa mwizi aliye nje haubishi hodi. Ikiondoka hufunguliwa tena.

Mama mwenye watoto ana mpango wake tofauti. Husukuma viroba hadi ukutani, akatandika kanga chini ya kiti, akawaingiza watoto mmoja mmoja. Wakubwa huwaonea wivu kimyakimya. Katika behewa zima la daraja la tatu, sakafu ndiyo mahali pekee ambapo binadamu anaweza kunyoosha mgongo, na ikifika saa sita usiku hata wazee wenye heshima zao huanza kuitazama kwa jicho jingine. Anayetaka kwenda msalani wakati huo huvua viatu, akaomba radhi kwa kila anayemruka, na safari ya mita ishirini huweza kumchukua robo saa.

Mwili nao una hoja zake. Usingizi ukizama, misuli ya shingo hulegea, kichwa huanguka, na mtu huzinduka. Ndiyo maana aliyelala ameketi hupata usingizi wa mang'amung'amu: hulala mara kumi kwa usiku mmoja, asipumzike hata mara moja. Miguu huvimba, kwa kuwa damu hurudishwa moyoni kwa msaada wa misuli ya mashavu ya miguu, na misuli hiyo hufanya kazi mtu anapotembea. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa hatari yenyewe hubaki ndogo, kama mtu mmoja katika 6,000. Utafiti huo ulihusu ndege, magari, mabasi na treni pia. Kwa upande huu abiria wa treni ana nafuu kuliko wa basi, maana anaweza kusimama na kwenda mlangoni kupunga upepo, mradi tu njia haijajaa waliolala.

Halafu kuna baridi, ambayo watu wa Pwani huisahau kila mwaka. Reli inapanda. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Tabora karibu mita 1,200, na kati yake kuna uwanda wa Itigi ulio juu zaidi. Abiria aliyepanda Dar es Salaam mwezi wa saba akiwa na fulana na kandambili huielewa ramani hiyo saa kumi za alfajiri, wakati joto la mwili liko chini kuliko saa nyingine yoyote na dirisha la jirani limekataa kufungika. Hapo ndipo kitenge cha mtu asiyemjua humfikia begani, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi.

Kwa nini watu hukubali haya yote? Bei ni jibu la kwanza, na ni jibu la kweli. Jibu la pili ni mizigo: treni humchukua mama mwenye magunia ya mchele kuelekea mjini na madumu ya mawese kutoka Kigoma, bila ugomvi anaoupata stendi ya mabasi. Jibu la tatu limesahaulika upesi. Kwa karibu miaka 30 treni ilikuwa na usiku peke yake. Tanzania ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku katika miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2023 tu. Katika kipindi hicho chote, basi la mikoa ya mbali likifikiwa na usiku njiani lilisimama, na abiria walilala vitini hadi alfajiri huku injini imezimwa. Nao walikesha kitini, ila wao hawakusogea.

Treni husogea, lakini si kila mahali. Njia ni moja, hivyo treni mbili hupishana stesheni tu, na ya abiria huweza kusubiri ya mizigo gizani bila maelezo yoyote. Kipande kinachojulikana kwa taabu ni kile cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli hufuata bonde la mto Mkondoa. Mvua zikikaza, mto huchukua tuta. Mafuriko ya Desemba 2009 yalibomoa reli hapo vibaya, na safari za abiria kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Treni iliyoondoka Dar es Salaam alasiri hupita sehemu hiyo usiku, kwa hiyo abiria wengi wa daraja la tatu wanalifahamu bonde hilo kwa sauti: breki, magurudumu yanayolia kwenye kona, kisha ukimya mrefu.

Mbele kidogo ya Gulwe kuna Msagali na Igandu. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2002, treni iliyojaa abiria ilipata hitilafu ya breki katika eneo hilo, ikarudi nyuma kwa kasi mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli nchini. Wasafiri wa zamani wa njia hiyo bado hulitaja jina la Igandu kwa sauti ya chini, na wapo wanaoomba dua treni inapopita hapo.

Kukipambazuka, hali hubadilika kabisa. Abiria wa vyumba vya kulala huamka na kusubiri chai kutoka behewa la mgahawa. Wa daraja la tatu huwa ameshakunywa yake kupitia dirishani. Stesheni za njia hii, yaani Reli ya Kati, ni soko refu linalouza mkoa kwa mkoa. Baada ya Dodoma na Bahi treni hupanda ukuta wa Bonde la Ufa polepole, na huko kuna Saranda, ambayo jina lake kwa wasafiri ni sawa na kuku. Kuku wa kukaanga, wa kuchemsha, mzima au wa vipande, anapitishwa dirishani kwenye beseni lililobebwa kichwani, na bei hupatanwa huku gadi akiwa tayari ameinua bendera yake. Tabora huuza asali. Uvinza ni chumvi, iliyochotwa katika visima vya maji ya chumvi vilivyotumika tangu karne nyingi kabla ya reli. Anayerudi kutoka Kigoma hubeba dagaa na migebuka, na kwa harufu hiyo behewa zima hujua ametoka wapi.

Biashara hii inaishi kwa sababu treni ni ya taratibu na dirisha lake hufunguka. Hilo litakumbukwa zaidi pale litakapokosekana.

Usiku wa pili huanzia Tabora. Reli ilifika hapo mwaka 1912 wakati wa Wajerumani, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tabora ndipo treni hukatwa: mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na mengine huenda kusubiri kuelekea Mpanda. Shughuli hiyo huchukua muda. Injini husukuma na kuvuta, mabehewa hugongana kwa mshindo unaomwamsha hata aliyekuwa fofofo, na sauti hupaa gizani zikiuliza swali moja: "Hili ni la wapi?" Mwenye tiketi ya Kigoma aliyehamia behewa la Mwanza kumfuata rafiki wa kupiga soga hugundua kosa lake kwa wakati, au huligundua Isaka.

Malalamiko kuhusu usiku wa kitini yana umri mkubwa na yaliandikwa na watu wakubwa. Mwaka 1917 Mohandas Gandhi alichapisha kijitabu kuhusu daraja la tatu la reli za India baada ya kusafiri kutoka Bombay hadi Madras katika chumba cha abiria 22 kilichokuwa na nafasi za kukaa tu, safari yenye usiku mara mbili njiani. Mtu wa Kigoma akisimuliwa hayo hatahitaji maelezo zaidi. Uhusiano wa reli hizo na za kwetu ni wa moja kwa moja: Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na utaratibu wa madaraja ulikuja pamoja nao. Kenya ya kikoloni iliufanya wa rangi: kwa desturi daraja la kwanza Mzungu, la pili Mhindi, la tatu Mwafrika.

Kitanda chenyewe hakikuwa salama kila mara. Mwezi Juni 1900, afisa wa polisi wa reli hiyohiyo ya Uganda, Charles Ryall, alilaza behewa lake katika stesheni ya Kima ili amvizie simba aliyekuwa akila watu. Akasinzia zamuni. Simba aliingia behewani, akamuua na kumtoa kupitia dirishani. Behewa hilo bado limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na wageni hupenda kupigwa picha mlangoni pake.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975 na kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa kilomita 1,860, ilikuja na jibu lake la kati. Kati ya vitanda na daraja la tatu kuna mabehewa ya kukaa ambayo abiria huyaita super seater: bado ni kiti, ila chenye nafuu kidogo. Kinachosikitisha hapo ni ratiba. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja yaliyowagharimu mafundi jasho kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa treni inayoondoka Dar es Salaam alasiri mara nyingi hupitwa usiku. Aliyelala kitandani haoni kitu. Aliyekesha kitini walau husikia: mlio wa magurudumu hubadilika ghafla, hewa hubana masikio, kisha hufunguka.

Kenya ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika kubadili usiku wa reli, na matokeo yake yanafaa kutazamwa na majirani. Treni ya zamani ya Nairobi na Mombasa ilikuwa ya usiku kucha. Iliondoka jioni na kufika baada ya kupambazuka, kama haikuchelewa, na ilichelewa sana. Ilikoma mwaka 2017, ilipoanza Madaraka Express kwenye reli ya kisasa. Sasa ipo pia safari ya usiku, inayoondoka saa nne usiku na kufika kati ya saa tisa na saa kumi. Hakuna vitanda. Behewa la daraja la kawaida lina viti 118 vilivyopangwa watatu kwa wawili, vikitazamana, mpangilio uleule wa daraja la tatu la zamani, ila sasa kuna kiyoyozi na dirisha halifunguki.

Kasi imetatua nusu ya tatizo na kuacha nusu. Safari ya saa tano na nusu ni fupi mno kwa usingizi na ni ndefu mno kwa kukesha kwa raha. Inamwamsha mtu pale pale anapoanza kuzama. Halafu inamshusha Miritini au Syokimau, mbali na katikati ya mji, saa ambayo ndugu wa kumpokea bado yuko kitandani. Baadhi ya abiria hubaki stesheni hadi kuche, kwenye viti vingine. Treni ya polepole ilikuwa na mapungufu mengi, lakini iliwafikisha watu mchana, na hilo lilikuwa na maana kwa mama aliye peke yake na mizigo mitatu. Mwaka 2021 Kenya iliifufua treni ya Nairobi hadi Kisumu kwenye reli ya zamani. Huondoka Ijumaa jioni, hutambaa usiku kucha, huingia Kisumu Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyeisifu kwa kasi, ila msimu wa Krismasi nafasi hugombewa.

Tanzania iko katikati ya mabadiliko hayohayo. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa chini ya saa nne, safari ambayo treni ya zamani iliimeza usiku mzima. Kwa kipande hicho mkesha umekwisha, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeulilia. Wauzaji wa stesheni ndogo za njiani wana kilio chao, maana treni ya kisasa haisimami kwao na dirisha lake halifunguki, na hiyo ni habari inayostahili kuandikwa peke yake.

Swali gumu liko magharibi ya Dodoma. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na mipango inavuka hadi Burundi kupitia Uvinza. Siku reli ya kisasa itakapofika ziwani, umbali utabaki uleule, zaidi ya kilomita 1,200. Tuseme treni iende wastani wa kilomita 100 kwa saa pamoja na vituo. Hizo ni saa 12 hivi. Ikiondoka jioni inafika asubuhi. Yaani baada ya uwekezaji wote huo, usiku wa Kigoma utapungua kutoka miwili hadi mmoja, hautaondoka, na abiria wa kawaida, yule yule mwenye dumu la mawese, atakuwa bado ameketi.

Kumfaa abiria huyo hakuhitaji kitanda kwa kila mtu. Kiti kilichokusudiwa usiku kinainama nyuzi kadhaa, kina kitu cha kushikilia kichwa pembeni, na kina mahali pa kuweka miguu. Taa za behewa hupunguzwa ikifika saa nne usiku, badala ya kuwaka kama za chumba cha upasuaji hadi alfajiri. Mizigo mikubwa inapewa behewa lake ili njia ibaki wazi, na ratiba inapangwa ili mtu ashuke kumekucha. Mambo haya huamuliwa miaka kadhaa kabla ya safari ya kwanza, katika nyaraka za zabuni za mabehewa. Wanaoziandika wangefaa wapelekwe kwanza Kigoma kwa daraja la tatu, mwezi wa saba, bila blanketi.